Biashara ilianguka na watu wote wanajua. Nirudi soko lile lile au nihamie nisikojulikana?

SwetaZaMama (Umoja)

Wadau habari zenu. Naomba ushauri kwa walioanguka kibiashara wakaanza tena, na hata kwa walioamua basi, imetosha. Mtaji naweza kuutafuta polepole. Kinachoninyima usingizi ni watu.

Nilikuwa nafuma sweta za shule pale Soko la Uhuru, Jogoo Road. Nilianza na mashine moja ya mkono, zikafika nne, na msimu ukikaribia naongeza vijana wa kuunganisha. Wanaolijua soko lile wanajua habari ya Desemba na Januari: unakula hapo, unasinzia hapo, mzazi anakuja saa mbili usiku na mtoto wa kupimwa. Corona ilipofunga shule Machi 2020 tuliumia wote, nikajikaza mpaka zikafunguliwa tena Januari 2021. Kilichonimaliza kilikuja baadaye. Nilikuwa nimekubaliana bei na shule moja ya kibinafsi, oda kubwa kuliko zote nilizowahi kupata, halafu shilingi ikaanza kuteremka. Mwanzoni mwa 2022 dola ilikuwa kama shilingi 113. Januari 2024 ilikuwa imepita 160, na uzi ukapanda nayo. Nikafuma kwa bei ile ile ya makubaliano. Shule ikachukua nusu ya mzigo, ikalipa kidogo, kisha mwenyewe akaacha kushika simu.

Nusu iliyobaki imo kwenye magunia kwa mama yangu. Maruni, mistari miwili ya manjano shingoni na kwenye vikono, na katikati yake mstari mwembamba mweupe. Mnaofanya kazi hii mnajua hiyo ni hasara ya aina gani. Sweta ya rangi moja utamuuzia yeyote. Ya mistari ina mwenyewe mmoja tu.

Kibanda nikakiachia. Mashine mbili niliuza, mbili bado ninazo.

Sasa watu. Sacco ilinipa mkopo kwa kudhaminiwa na watatu: majirani wawili wa pale sokoni na binamu yangu. Niliposhindwa, akiba zao zikaguswa. Mmoja wa wale majirani hatusalimiani. Muuza uzi wangu ananidai pia, na yeye hajawahi kunitukana, jambo ambalo naona ni baya zaidi. Kwenye kundi la WhatsApp la mafundi bado nimo, lakini nasoma tu. Siku niliyoandika "hongereni" kwa mtu, kundi likanyamaza mpaka jioni. Chama cha merigo, kile cha kuchangiana kwa zamu, nilijitoa kabla ya kutolewa.

Nyumbani nako, kila nikitaja mashine dada yangu mkubwa ananiuliza kama nataka kumuua mama kwa presha. Wananipenda, najua. Wamenilisha. Lakini ushauri wao wote ni mmoja: tafuta kazi ya mshahara, hata kama ni ya kuuza duka la mtu. Wenzangu walioanguka wakati mmoja na mimi tunakutana Jumapili baada ya kanisa, na tukiachana huwa nimechoka kuliko nilivyokuja.

Nina njia mbili kichwani. Moja, nirudi pale pale Uhuru, nikabiliane na macho ya watu. Mbili, nihamie Githurai au Kitengela, nikodi chumba, niweke mashine zangu mbili na nianze kama mtu mpya. Kuna mtu amewahi kufanya mojawapo? Msiniambie tu niombe Mungu, naomba kila siku.

---

Mdhamini2022

Dada, mimi sikujui, lakini niko upande wa wale majirani zako, kwa hiyo nivumilie.

Nilimdhamini rafiki. Akiba yangu ya miaka ikakatwa. Mnasema dawa ya deni ni kulipa, sawa, na hana. Hilo nilielewa, maana duka lake lilikuwa mbele ya macho yangu, niliona likiisha. Kilichonikata maini ni kwamba habari ya kukatwa niliipata kwa ujumbe wa simu kutoka sacco. Yeye alikuwa amejua mapema. Tulikuwa tumekunywa chai pamoja wiki ile ile na hakusema neno.

Mkopo wangu wa karo nikanyimwa kwa sababu akiba ilikuwa imeshuka, na sacco nyingi hukupa mara tatu ya akiba yako. Kwa hiyo aliniangusha mara mbili, na ile ya pili mpaka leo haijui.

Ukienda Githurai bila kuongea na hao watatu, watasikia umefungua. Watasikia tu, Nairobi ni kijiji. Na watakachosikia ni kwamba ulikuwa na pesa ya kufungua lakini ya kwao hukuwa nayo.

---

MzeeWaUzi

Mama, nimesoma swali lako nikaona nisikae kimya, kwa sababu mimi ni yule muuza uzi katika hadithi yako. Si mimi unayenidai, ila ningeweza kuwa mimi. Nauza uzi wa sweta kwa jumla, zamani River Road, sasa upande wa Gikomba. Wengi hapa watakushauri kama walioanguka. Acha nikuambie mambo yanavyoonekana kutoka upande huu wa kaunta.

Kwanza hiyo ya kuhamia usikojulikana. Kama ungekuwa unauza mandazi au nguo za mtumba, ningesema nenda. Wewe unafuma. Wauza uzi wa jumla mji huu si wengi kiasi hicho, na tunafahamiana. Ukifungua Githurai uzi wako utatoka huku huku. Fundi mpya akinijia anataka kuchukua kilo hamsini alipe baada ya Januari, ninampigia mwenzangu simu akiwa bado amesimama mbele yangu: "Huyu unamjua?" Wakisema hawamjui, anapewa kwa pesa taslimu tu, msimu wa kwanza na hata wa pili. Kwa hiyo kule unakokwenda kuwa mtu mpya, bei ya upya huo ni kwamba hakuna atakayekukopesha koni moja ya uzi. Na wakisema wanamjua na alipotea, basi.

Watu hudhani mwenye deni ndiye asiyekopeshwa. Mimi nina wateja ninaowadai mpaka sasa na bado wanachukua mzigo. Daftari langu lina safu ya jina, ya kilo, na ya tarehe ambayo mtu mwenyewe alisema atalipa. Pembeni kabisa, kwa kalamu nyekundu, naandika kitu ambacho wateja hawakioni: tarehe ambayo alinipigia yeye kabla sijampigia. Ukiona jina lina nyekundu nyingi, huyo hata akiwa na deni la mwaka mzima nitampa nusu kwa nusu, yaani alipe nusu ya mzigo mpya hapo hapo na nusu iongezwe kwenye daftari. Jina lisilo na nyekundu hata moja, hata kama deni lake ni dogo, najua siku moja simu yake itasema mteja hapatikani.

Unasema muuza uzi wako hajawahi kukutukana, na unaona ni vibaya. Mimi naona anakusubiri. Fikiria hesabu yake. Ukiajiriwa kibarua Athi River au kuuza duka la mtu kama dada yako anavyotaka, mshahara ule utakula, utalipa nyumba, na yeye hautamfikia hata kwa mwaka. Pesa zake ziko ndani ya zile mashine mbili. Zikifuma, analipwa. Zikikaa zimefunikwa gunia, amepoteza. Kwa hiyo kati ya watu wote uliowataja, ndugu, wa kanisani, wa Jumapili, huyo ndiye peke yake ambaye faida yake ni wewe kurudi kazini, na wewe unamkwepa! Nenda dukani kwake, usipige simu. Usiende saa ya wateja wengi. Na usiende na hadithi ndefu ya shule iliyokutesa, anaijua, sote tuna majina ya hizo shule. Nenda na kitu kimoja: utakachofuma na nani atakilipia.

Hapo ndipo wale vijana wako wa kuunganisha wanapoingia. Hujawataja tena baada ya mstari wa kwanza, na mimi ningewatafuta kabla ya mtu mwingine yeyote. Hivi sasa wako kwa mafundi wengine. Wanajua ni nani amepata oda kubwa kuliko mashine zake, ni shule gani imebadilisha rangi, ni karani gani wa shule aliyegombana na fundi wake. Januari hakuna fundi wa Uhuru anayemaliza kazi zake peke yake, zinamwagika. Anatafuta mtu wa kumfumia migongo na mikono kwa kipande, uzi ni wake, mistari ni yake, wewe unatoa mashine na mkono wako. Faida yake ni ndogo, siwezi kukudanganya. Lakini hauhitaji mtaji, hauhitaji kibanda, hata hapo Umoja unafanyia, na mwisho wa msimu kuna mafundi kadhaa ambao wameshika kazi yako mikononi wakaiona iko sawa. Hao ndio watakaonijibu mimi nikipiga simu kuuliza.

Kundi la WhatsApp lilinyamaza kwa sababu kila mmoja alidhani baada ya "hongereni" kutakuja ombi la pesa. Andika hivi: mashine mbili geji fulani (ukaribu wa sindano) ziko wazi, nafuma kwa kipande, natoa sampuli. Uone kama litanyamaza.

Jingine, hizo za maruni. Kama zilifumwa kwa umbo na hazikukatwa kwa mkasi, zifumue. Kaa na watoto wa nyumbani jioni, mmoja anavuta, mwingine anazungusha kwenye koni. Uzi uliofumuliwa unakuwa na mikunjo, kwa hiyo usiutumie mbele ya sweta. Upitishe kwenye mvuke kisha ufume mikono au sweta za watoto wa chekechea. Maruni ni rangi ya shule nyingi. Umeweka pesa kwenye magunia unayaita hasara.

---

Kijana_wa_Ruai

Mzee nakuheshimu, lakini umeongea kama mwenye mali. Si kila mtu anaweza kupita mbele ya wanaomdai kila asubuhi na bado akafanya kazi.

Mimi nilikuwa na duka la vyombo vya plastiki pale Nyamakima. Lilipokufa nilibaki mjini nikijaribu kuwa jasiri, na ilikuwa mateso. Mtu akikuuliza "siku hizi uko wapi?" unajua anauliza nini. Wa nyumbani walishaanza kusema nimerogwa, mama mdogo akaniletea mchungaji bila kuniuliza. Nikahamia Ruai. Hakuna aliyenijua. Mteja wa kwanza aliniita bosi, nami nilikuwa sijaitwa hivyo muda mrefu, nikajikuta nimempunguzia beseni bila yeye kuomba. Ile tu ya kuamka bila aibu ilinirudishia akili ya kuhesabu.

Ila nakubaliana naye kuhusu bidhaa. Kila kitu nilinunua kwa pesa mkononi, na dukani kulikuwa na mwanya mkubwa kati ya beseni moja na nyingine kwa muda mrefu sana. Kwa hiyo nadhani inategemea, dada. Ukiona roho yako imechakaa, pumua kwanza mbali. Kitengela haitatoroka, wala Uhuru.

---

Mwalimu_Kabete

Nafundisha masuala ya biashara ndogo, na nitaongeza kidogo tu kwa sababu Mzee wa Uzi amemaliza nusu ya somo langu bila kufungua kitabu.

Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha makala kuhusu jinsi watu wanavyopata kazi kupitia wanaowafahamu. Aliwahoji wataalamu na mameneja wa mji wa Newton, karibu na Boston. Kati ya waliopata kazi kupitia mtu, ni asilimia 16.7 tu ambao mtu huyo walikuwa wakionana naye mara kwa mara; waliobaki, asilimia 55.6 walikuwa wakionana naye mara mojamoja, na 27.8 kwa nadra. Sababu yake ni rahisi: walio karibu nawe sana wanajua yale yale unayoyajua wewe. Dada yako hawezi kukuambia shule gani inatafuta fundi. Kijana wako wa zamani wa kuunganisha anaweza.

Newton si Jogoo Road, na kupata kazi si kufufua biashara, kwa hiyo tusivute mfano kupita kiasi. Kwetu hapa walio karibu hufanya kazi nyingine nzito, ya kukuzuia usife njaa, na hata kukupa mahali. Mtafiti wetu Mary Njeri Kinyanjui ameandika kuhusu wanawake wafanyabiashara walioingia Taveta Road, katikati ya jiji, kwa kugawana duka moja kuwa vibanda vidogo na kuchangia kodi. Hapo ukaribu wenyewe ndio uliokuwa mtaji.

Kuhusu hao wa Jumapili, SwetaZaMama, sina takwimu, nina maoni: punguza.

---

KaraniWaMikopo

Nafanya kazi kwenye sacco, si ile yako natumaini. Mambo ya karatasi, maana naona yamesahaulika.

CRB, yaani ofisi zinazotunza rekodi za mikopo: una haki ya kupata ripoti yako bure mara moja kwa mwaka. Ichukue uone kilichoandikwa kabla hujaanza kuogopa kisichoandikwa. Taarifa ya mkopo uliokwama hukaa miaka 5 tangu siku ulipomaliza kulipa, kwa hiyo ukichelewa kumaliza, na hiyo miaka 5 inachelewa kuanza. Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali uliozinduliwa Novemba 2022, hutoa mkopo wa mtu binafsi kuanzia shilingi 500 hadi 50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Anayeanza hupewa kiasi kidogo sana, hakinunui hata koni za wiki, lakini ni historia mpya inayoanza kujengeka.

Halafu watu wengi hawajui kwamba Sheria ya Ufilisi ya 2015 ina utaratibu wa mdaiwa asiye na mali. Deni likiwa kati ya shilingi 100,000 na milioni 4 na huna cha kuuza wala uwezo wa kulipa, unaweza kuomba kwa Msimamizi Rasmi wa Ufilisi, na ukikubaliwa unaachiliwa baada ya miezi 12. Wewe una mashine, kwa hiyo sidhani inakuhusu. Nimeitaja kwa sababu ya kipengele kimoja: kuachiliwa kwako hakumwachilii mdhamini. Sheria inaweza kukusamehe wewe na yeye akaendelea kudaiwa. Ndiyo maana biashara ikianguka kwetu, watu walioizunguka huanguka nayo.

---

SwetaZaMama

Asanteni jameni. Mdhamini, nimesoma yako mara ya kwanza nikafunga simu, nikarudi.

Mzee, sweta zote zilifumwa kwa umbo, sikati mimi. Nimetoa moja kwenye gunia jana usiku nikaanza kuvuta kutoka mkononi. Mstari wa manjano umetoka vizuri, mweupe umekatika katika sehemu mbili kwa sababu tulikuwa tumeufunga fundo. Nimempata mmoja wa vijana wangu wa zamani kwa simu. Amesema tajiri wake ana oda ya sweta za Gredi ya 10 na geji ya mashine zangu inafaa, ila malipo ni baada ya kukabidhi. Nitaanza na hizo nikiwa hapa hapa Umoja. Githurai tuiache kwanza. Kijana wa Ruai, nimekuelewa sana, na hiyo ya mchungaji imenichekesha, wangu alikuja na mafuta.

Kwa muuza uzi nitakwenda. Swali moja kwa Karani: nikianza kupata kidogo kidogo, hizi pesa niwatumie wadhamini moja kwa moja kwa M-Pesa au nilipe sacco? Binamu anataka mkononi.

---

KaraniWaMikopo

Lipa sacco. Nenda ofisi ya mikopo uombe waandike barua kwamba unacholipa kinarudi kwenye akiba za wadhamini kwa kadiri walivyokatwa, maana ukimpa binamu mkononi wale wawili watasema umewaruka, na kwenye vitabu vyetu wewe bado hujalipa kitu. Chukua risiti kila mara, hata ya shilingi 500. Mwambie binamu ukweli huo kabla hujaanza kulipa.

---

Mdhamini2022

Na picha ya risiti mtumie kila mmoja peke yake. Usituwekee kwenye kundi.